Aliyekaa Kwenye Kiti cha Mnyapara

Jumapili ya tarehe nane Februari 1959, saa sita kasoro dakika kumi mchana, Comfort Tugbeh alisukuma mlango wa duka la picha la Mzee Garber hapa kwetu Kroo Town, Freetown, akamkuta mwenye duka amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Mguu wa chuma wa kamera ulikuwa kando yake, una damu na nywele za mvi. Comfort hakupiga kelele. Alitoka, akaurudisha mlango, akamtuma mtu polisi, kisha akasimama kizingitini na gauni lake la kanisani ili asiingie mtu. Baadaye wapo waliosema kwamba mwanamke anayeona maiti bila kulia huwa anajua ilikotoka. Watu wa mtaa huu wana midomo, na mimi ni mmoja wao, lakini siku hiyo nilinyamaza.

Inspekta Balogun Decker alifika saa sita na dakika ishirini. Mtu mfupi, mpole wa sauti, Mkrio wa mjini. Sisi Wakru, kabila la mabaharia, polisi wa Kikrio akituuliza saa ngapi tunamwambia hatuna saa. Yeye alilijua hilo, kwa hiyo alianza na vitu kabla ya watu.

Maiti ilikuwa bado ina uvuguvugu. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Sanduku la fedha halikuguswa. Mzee Garber alikuwa bado anapiga picha kwa vioo, kizamani, na vioo vyake vilipangwa rafuni ndani ya maboksi, kila boksi na mwezi na mwaka wake. Baada ya Oktoba 1942 ikaja Desemba 1942. Novemba haikuwepo. Chini ya lile pengo palikuwa na chupa iliyovunjika, na dawa yake, nyeupe kama maji, imetapakaa rafuni na sakafuni. Aliyevuta boksi alikuwa ameiangusha. Decker alichovya kidole, akakinusa, hakusikia harufu yoyote, akakifuta kwa leso.

Halafu akamketisha Comfort barazani.

"Dada, ulikuja kufanya nini hapa?"

"Kuchukua jibu."

"Jibu la nini?"

"La meli." Comfort alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka ishirini na saba asiyependa kurudia maneno. "Baba yangu ni Sieh Tugbeh. Alipanda meli Novemba arobaini na mbili. Karatasi za bandari zinasema alikuwa kwenye Dunmarra, akatoroka ilipofika Liverpool. Miaka kumi na sita mama yangu anachekwa kwamba mumewe ana mzungu huko. Mimi siamini. Jumapili ijayo kanisani linafunuliwa jiwe la mabaharia wetu waliokufa vitani. Kama baba alikufa, nataka jina lake liwepo. Kama alitoroka, niambiwe, nifunge mdomo."

"Mzee Garber angejuaje?"

"Yeye ndiye aliyempiga picha juu ya meli. Nilimletea picha yenyewe Jumatano. Ni kipande tu, imekatwa pande zote mbili. Baba amekaa kwenye kiti, na nyuma yake kuna lile bomba kubwa la kuingiza hewa melini, lina kiraka cha bati kama mfuko wa shati. Jina la meli halimo."

"Lisingekuwamo," Decker alisema. Vitani alikuwa konstebo wa gati. Aliziona meli mamia kwa mamia zikisubiri msafara, zote za kijivu, majina yamefutwa kwa rangi, ubavuni mpaka kwenye maboya ya kuokolea watu, ili Mjerumani asisome. "Miaka yote ya vita sikusoma jina la meli hata moja. Nani aliikata hiyo picha?"

"Sijui. Nimeikuta hivyo tangu utotoni."

"Iko wapi sasa?"

"Alibaki nayo yeye." Duka zima lilipekuliwa. Haikuwepo. "Ijumaa nilirudi, hakunijibu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika yule kitini ni baba. Akasema, njoo Jumapili baada ya ibada, kuna mtu lazima nizungumze naye kwanza. Nilimfokea, Inspekta. Majirani walisikia, watakwambia."

"Wameshaniambia," alisema Decker.

Walikuwa wamemwambia na la pili. Saa tatu na nusu asubuhi fundi viatu, akielekea kanisani, alimwona Kofa Jlah akitoka kwa Mzee Garber na boksi ndani ya gunia. Kofa ni baharia mstaafu, mlevi hodari, na hana anachojua kuhusu kanisa ila njia ya kulikwepa. Polisi walipokwenda kumchukua walikuta mlango una kufuli. Mtaa mzima ukaridhika hapo hapo: ni Kofa. Waliobaki wakasema ni Kofa na Comfort pamoja.

Jumatatu saa tatu asubuhi Decker alikwenda kwa Nimley Wesseh.

Wesseh nani hapa asiyemjua? Mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya jiwe, na Mkru pekee aliyetoka hai kwenye Kelbrae. Vijana kumi na mmoja wa Kroo Town walizama na meli ile. Yeye, mnyapara wao, alikaa siku tisa kwenye mashua mpaka akaokotwa na Wareno, akarudi nyumbani vita vilipokwisha, kitabu chake cha baharia mfukoni. Akipita mtaani watu walisimama. Mimi pia nilisimama, na mpaka leo nikikumbuka magoti yananiuma.

Alimpokea Decker sebuleni, viganja vyote viwili vimefungwa bandeji.

"Mikono imepatwa na nini, Mzee?"

"Mafuta ya moto, mwanangu. Mke wangu yuko Monrovia kwa dada yake, nikajifanya najua kukaanga ndizi."

"Pole sana."

"Nimeshapoa. Kaa. Maskini Garber. Ni huyo mlevi, sivyo?"

Juu ya kiti chake ilining'inia picha kubwa ndani ya fremu. Wesseh wa zamani, kifua mbele, amekaa kwenye kiti cha mnyapara, vijana wake wamemzunguka. Kulia kwake palikuwa na bomba la hewa lenye kiraka, na kwenye ukingo wa meli limetundikwa boya, herufi nyeupe zinasomeka mpaka mlangoni: KELBRAE.

"Hii ilipigwa lini?" Decker aliuliza.

"Siku tuliyong'oa nanga. Tarehe tatu Novemba, arobaini na mbili. Wote hao wamekufa."

"Ilikuwaje?"

Wesseh alikuwa amelisimulia jambo hilo mara mia, na liliteremka lenyewe. Topido iliwapiga saa mbili asubuhi, siku ya nne. Meli ilichukua karibu saa nzima kuzama. Aliwakusanya vijana wake, wakaimba wimbo wa kanisa beti zote, akawapa mkono mmoja mmoja.

"Mlipakia nini?"

"Mawe ya chuma, kutoka Pepel."

"Na Sieh Tugbeh? Unamkumbuka?"

"Rafiki yangu, tangu udogo. Alipanda Dunmarra, wao walipakia mawese. Nasikia ana watoto wa kizungu." Alitikisa kichwa. "Mwambie binti yake aache kuchokonoa. Anamtia mama yake aibu."

"Jumapili saa nne ulikuwa wapi? Nauliza kila mtu."

"Kanisani. Saa nne na dakika ishirini nilisoma somo. Saa tano na dakika ishirini na tano nilisoma matangazo. Waumini mia mbili waliniona."

"Na katikati?"

"Katikati ni mahubiri, Inspekta. Katikati hata Mungu anasinzia."

Decker alicheka, akaaga. Lakini alipopita kanisani alihesabu hatua kutoka kiti cha wazee, kilicho kando ya mlango wa ubavuni, mpaka dukani kwa Garber. Dakika nne kwa mwendo wa kawaida.

Kutoka hapo alikwenda kwa mama yake Comfort. Ma Wede alimkaribisha kwa mdomo tu, ungo wa mchele miguuni, hakumwonyesha kiti.

"Hukutaka binti yako aulize habari za meli?"

"Sikutaka."

"Kwa nini, Mama?"

"Mwanamume amekwenda zake. Ana nyumba huko, ana maisha yake. Ya nini kumfuata na picha?"

"Humchukii?"

"Nimchukie kwa kuwa hai?" Ma Wede alipeta mchele. "Nenda, baba. Katafute aliyemuua mzee wa watu."

Jioni ile kidole cha shahada cha Inspekta kilikuwa cheusi. Mkewe alikisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mchanga. Hakikutoka.

"Umekitia wapi hiki kidole, Balogun?"

"Kazini."

"Kazi gani inapaka mtu kidole kimoja? Utakula kwa kijiko mpaka unipe jibu."

Kofa Jlah alipatikana Jumanne saa nne asubuhi, amelala chini ya meza ya kilabu cha mnazi. Decker jambo la kwanza alilofanya ni kumgeuza viganja. Vilikuwa vichafu, lakini kwa uchafu wa kawaida.

"Ulichukua boksi kwa Mzee Garber?"

"Alinipa! Kila mwaka ananipa boksi la zamani. Navichemsha vioo, utando unatoka, natia madirishani. Unadhani kioo kipya nanunua mimi? Nauliza, unanionaje?"

"Jumapili saa nne na nusu ulikuwa wapi?"

"Nyumbani napigilia misumari. Muulize jirani yangu mpika mikate, alinitukana kwamba naivunja Sabato. Matusi mengine hata sikuwa nayajua, na mimi nimefika Rotterdam."

Mpika mikate aliulizwa, akakiri matusi yote. Decker akaomba kuona hilo dirisha.

Chumba cha Kofa kilikuwa na dirisha moja lenye vipande kumi na viwili. Vinne alikuwa ameshavichemsha, vyeupe kabisa. Vinane alikuwa amevipachika vivyo hivyo, atavisafisha akipata mkaa. Jua lilipenya humo. Vioo vya picha huonyesha kila kitu kinyume, basi juu ya kitanda cha Kofa walisimama maharusi wenye magauni meusi na nyuso nyeupe pepe, macho yanang'aa. Nimeliona dirisha lile kwa macho yangu. Sijui alipataje usingizi.

"Boksi liliandikwa nini?"

"Harusi 1939. Lakini Garber ameniibia, kile kimoja cha chini hakina bibi harusi. Ni mabaharia."

Decker alipiga goti mbele ya kipande cha chini kushoto. Wanaume kumi na wawili kwenye sitaha. Mmoja amekaa kwenye kiti. Nyuma yake bomba la hewa, na kwenye bomba kiraka cha mraba.

"Mbona kiliwekwa na harusi?" alijiuliza kwa sauti.

"Inspekta, wewe kweli ulikuwa polisi wa bandari?" Kofa alikaa kitandani, akijipangusa ule mstari wa buluu wa chale tulionao wazee wa Kikru kwenye paji la uso. "Kupiga meli picha wakati wa vita ilikuwa jela. Ya meli alikuwa anaificha kwenye mabibi harusi. Na sasa amezeeka, amesahau mwenyewe."

Muuaji, basi, alikuwa ameondoka na boksi lisilo na kioo alichokitafuta. Decker alikitoa kioo kwa ncha ya kisu, polepole, akakifunga kwenye koti lake.

"Kofa, nani anakaa kwenye kiti?"

"Mnyapara. Nani mwingine? Ukikaa wewe utapigwa teke."

"Karatasi za bandari zinasema mnyapara wa Kelbrae alikuwa Wesseh, na Tugbeh alikuwa Dunmarra."

Kofa hakuipenda mada hiyo. Alitazama mlango, akatazama dirisha lake lenye tundu jipya.

"Karatasi," alisema. "Nikikwambia kitu, hujakisikia kwangu."

"Sijakisikia."

"Mzungu wa meli hatujui kwa sura. Anajua kitabu. Kitabu kikisema Wesseh, wewe ni Wesseh. Basi huku kwetu watu wanaazimana. Mke wako anajifungua, una homa, una msiba, unampa ndugu yako kitabu, anakwenda yeye kwa jina lako. Mimi nimesafiri mara mbili kwa kitabu cha mtu aliyekwisha kufa. Nilipewa hata sifa ya tabia njema."

"Na mnyapara anaweza kuazima kitabu chake?"

"Ana nini asiweze?"

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Angalia kilichopakiwa, bwana. Meli ya mawese ikipigwa inaelea, unapata nafasi ya kuvaa suruali. Meli ya mawe ya chuma inakwenda chini kama jiwe lenyewe. Huna muda wa kusema Mungu wangu. Kila baharia alikuwa anaomba asipangiwe Pepel."

Decker alimtazama. "Si saa nzima?"

"Saa nzima? Dakika mbili, tatu ukiwa na bahati. Nani amekwambia saa nzima?"

"Wewe hukumsikia Wesseh akisimulia?"

"Mimi siendi kanisani," Kofa alisema.

Jumatano, mpiga picha wa polisi alikitengeneza kile kioo, akatoa picha safi. Boya lilikuwemo ukingoni, limepakwa rangi ya kijivu, halina herufi hata moja. Suruali za turubai za wale wanaume zilikuwa na vumbi jeusi mpaka magotini. Mtu aliyepakia mawese hawi na vumbi lile. Wakati anaikausha, yule mpiga picha alikiona kidole cha Inspekta.

"Umeshika dawa ya fedha," alisema. "Ikimwagika ni kama maji, hata huijui. Ikipigwa na jua inakuwa nyeusi, na haitoki mpaka ngozi ibadilike. Wiki mbili hivi."

Decker alikitazama kidole chake, akakumbuka bandeji.

Alhamisi saa kumi alasiri kamati ya jiwe ilikutana kwa Wesseh. Wajane sita walikuwepo, mchungaji, na mimi niliyekuwa mwandishi wa kamati. Fundi wa mawe alikuwa ameleta orodha ya majina kumi na moja ihakikishwe. Decker aliingia na konstebo wawili, na nyuma yao Comfort.

"Huyu hakualikwa," Wesseh alisema.

"Nimemwalika mimi. Mzee, ile picha ya ukutani uliniambia ilipigwa tarehe tatu Novemba 1942."

"Ndiyo."

"Boya linasomeka Kelbrae. Mwaka arobaini na mbili hakukuwa na meli hapa Freetown yenye jina linalosomeka. Hiyo ni picha ya kabla ya vita."

Wesseh alitabasamu. "Mtu mzima anachanganya tarehe. Nilisafiri na Kelbrae mara tano."

"Hilo nakubali. Ndiyo maana umenisaidia sana. Umenionyesha bomba la Kelbrae lina kiraka." Decker aliiweka picha mpya mezani, mbele ya wajane. "Na hii ina bomba hilo hilo, kiraka hicho hicho, vumbi la Pepel, na boya lililofutwa jina. Hii ndiyo tarehe tatu Novemba. Mama zangu, naomba mniambie hawa ni nani."

Sitasahau sauti zile. Mama Juah aliweka kidole juu ya uso mmoja, akasema, "Mwanangu." Kisha mwingine akasema, "Nyanfore." Kisha wakawa wanasema wote kwa pamoja, wengine wanalia, majina kumi na moja. Miaka kumi na sita hawakuwa na picha ya siku ile.

"Na wa kitini?" Decker aliuliza.

Walitazama picha, wakamtazama Wesseh, wakatazama tena picha.

"Sieh Tugbeh," Mama Juah alisema.

"Mzee Wesseh yuko wapi?"

"Hayumo."

Wesseh alisimama. "Nilikuwa nyuma ya kamera! Nilikuwa ninaongea na afisa—"

"Na kiti chako akakaa mwingine?" Mama Juah alimkatiza. "Mbele yako? Wewe?"

"Fungua bandeji, Mzee," Decker alisema.

"Nimeungua."

"Basi tutamwita daktari akutazame. Fungua."

Konstebo mmoja akamshika kiwiko, mwingine akafungua. Hapakuwa na lengelenge hata moja. Viganja vyote viwili, na vidole mpaka kwenye kucha, vilikuwa vyeusi ti. Decker akainua kidole chake cha shahada, cheusi vile vile, akakiweka karibu.

"Chupa ilianguka ulipovuta boksi la Novemba," alisema. "Ukadhani ni maji."

Wesseh alikaa. Mtu mkubwa yule alikaa kama gunia linaloshushwa.

"Niliota ndoto," alisema hatimaye. "Siku tatu kabla. Niliota maji yananiingia mdomoni. Nilipoambiwa tunapakia Pepel, nikajua. Nikamwambia Sieh mke wangu anatokwa na damu, nishikie kazi safari moja, nipe kitabu chako nipande Dunmarra itakayochelewa siku mbili. Hakuuliza swali. Alifurahi, alikuwa hajawahi kukaa kitini."

"Ukafika Liverpool kwa jina lake," Comfort alisema.

"Tulipofika tukasikia Kelbrae imekwenda chini na Wakru wote, kumi na wawili. Nilikuwa nimekufa, mwanangu. Karatasi zilisema nimekufa. Nikatoroka melini, nikafanya kazi za ghalani mpaka vita vikaisha. Nikaona nikirudi niseme nini? Kwamba niliwapeleka vijana, mimi nikapanda ya mawese? Kitabu changu kilizama na Sieh. Nikanunua kingine, nikaja na hadithi. Mkanipokea kwa ngoma! Mlinibeba mabegani! Ningesema saa ngapi?"

"Ungesema mama yangu alipochekwa sokoni. Ungesema baba yangu alipoitwa mtoro. Ulikuja nyumbani kwetu Krismasi na mchele, ukamwambia mama amsamehe!"

Wesseh alijifunika uso kwa viganja vile vyeusi.

"Na Garber?" Decker aliuliza.

"Alikuja Jumamosi jioni na kile kipande. Alikuwa ameona hilo bomba hapa ukutani. Aliniambia kwa upole. Alisema, Nimley, simama wewe mwenyewe kesho kanisani, kabla ya jiwe, useme, itakuwa heshima. Nikamwambia nitafikiri. Jumapili wakati wa mahubiri nilikwenda kumwomba anyamaze. Nilimpigia magoti, Mungu ni shahidi. Akasema binti anakuja mchana, hawezi kumdanganya binti wa watu. Akanigeuzia mgongo kuweka kitu rafuni." Alitazama viganja vyake. "Nikarudi kusoma matangazo."

Mama Juah alimtemea mate kifuani. Hakuna aliyemzuia, hata mchungaji.

Alipotolewa, Comfort alimgeukia fundi wa mawe, akamwambia aandike kwenye orodha yake: Sieh Tugbeh, Mnyapara. Alimsimamia mpaka akamaliza herufi ya mwisho. Alikuwa ameshinda, na mtaa mzima uliofungua mdomo juu yake ulimpisha njia. Lakini Decker alimfuata mpaka barabarani.

"Dada, kuna jambo sikulielewa mpaka leo. Kofa anasema Garber aliogopa, alitoa nakala moja tu ya picha hiyo, akampelekea mke wa aliyekaa kitini. Ilipotoka kwake ilikuwa nzima."

Comfort alimtazama, akamgeuzia mgongo, akaenda zake nyumbani na ile picha mkononi.

Haya mengine nayajua kwa sababu nilikuwa nimeongozana na wale wajane, kuwapeleka kwa Ma Wede kuomba radhi. Tulipofika mlangoni tulisikia, tukasimama.

Comfort alikuwa amemwekea mama yake ile picha mapajani. Ma Wede aliitazama kwa muda mfupi tu. Kisha akaweka mkono wake juu yake, akazifunika nyuso zote, na bila kutazama akataja: wa kushoto kabisa Nyanfore, anayefuata mtoto wa Juah, nyuma yao mapacha wa Teah. Alitaja mmoja mmoja mpaka mwisho wa mstari.

"Uliikata wewe," Comfort alisema.

"Habari ya Kelbrae ilifika Jumanne. Picha ililetwa Alhamisi. Wanawake walikuwa wanalia mtaa mzima, na mimi nimeshika picha, nawaona waume zao na wana wao wote mle, na wangu katikati." "Nikachukua mkasi. Nikabaki naye peke yake. Halafu zikaja karatasi, zikasema ametoroka Liverpool. Nikasema asante Mungu. Acha atoroke. Acha azae na mzungu, azae kumi. Walinicheka, lakini wao walikuwa wajane, na mimi nilikuwa na mume."

"Mama, ungesema. Mzee Garber amekufa."

"Najua."

"Ungesema neno moja tu—"

"Najua, Comfort! Unadhani usiku nalala?"

Comfort aliangua kilio, yule asiyelia mbele ya maiti. Mama Juah akaingia bila kubisha hodi, na wale watano nyuma yake, wameshika mkeka, beseni la maji na wembe, maana kwetu mjane hunyolewa na wajane wenzake. Walikuwa wamejiandaa kwa maneno ya kuomba msamaha, naona yaliwapotea.

Ma Wede aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akashuka kwenye kiti, akakaa chini mkekani, akafungua kilemba chake mwenyewe. Nywele zake zilikuwa nyingi, zimesukwa vizuri, kama za mwanamke anayemsubiri mtu.

"Haya, ninyoeni," alisema. "Sieh amekufa."